Kupanda kwa Maziwa, Kushuka kwa Majivu

Siku fundi alipoifunga boneti ya gari lile kwa mara ya mwisho, alijifuta mikono kwa kitambaa, akaiweka spana begani kama mtu anayerudi mazikoni na jembe, akamtazama mwenye gari. Mwenye gari alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufundisha jiografia kabla hajaacha ualimu ili aendeshe ofisi ya mumewe, na mjini pale hakuna aliyemwita vingine isipokuwa Mwalimu.

"Sema tu," alimwambia fundi. "Sitazimia."

"Injini imepasuka, Mwalimu. Hii si ya kutengeneza tena."

"Basi lisukumeni mpaka nyuma ya nyumba. Mlipandishe juu ya mawe, lisimame sawasawa. Sitaki watu walione limeinama."

Gari lile lilikuwa na jina la ukoo wa mumewe mlangoni, limeandikwa kwa rangi nyeupe na mchora mabango aliyekuwa na mkono mzuri, na chini ya jina maneno mawili: Waongozaji Mlimani. Baba mkwe wake ndiye aliyeanza kazi ya kuwapandisha wageni kwenye volkano ile kubwa iliyosimama juu ya mji, ambayo kilele chake kina theluji majira ya baridi na kinanuka kiberiti mwaka mzima. Mumewe aliirithi kazi, akanunua gari, na kwa gari hilo akawa anawachukua wageni kituo cha mabasi na kuwafikisha lango la juu, pale msitu unapokwisha. Gari liliwangoja langoni mpaka washuke. Mumewe alikufa kwa maradhi, kitandani, shuka zikiwa safi, wala si mlimani kama wapenda hadithi walivyotaka iwe. Mwalimu aliwasahihisha wote waliosema vinginevyo, mmoja mmoja.

Baada ya msiba ilibaki ofisi ya chumba kimoja inayotazama kituo cha mabasi, yenye ramani kubwa ukutani, mahema yaliyoning'inizwa yapate hewa, na safu ya viatu vya kukodisha vilivyopakwa mafuta. Walibaki pia watu wawili. Wa kwanza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, kiongozi mkuu, ambaye watu walimwita Kiberiti. Wengine walisema ni kwa sababu aliweza kuwasha jiko katikati ya upepo kwa njiti moja, na wengine walisema ni kwa sababu ya hasira zake. Zote mbili zilikuwa kweli. Wa pili ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiwapikia wageni huko juu tangu usichana wake, na aliyepewa na Mungu ulimi usiojua likizo.

Habari za gari zilienea kabla ya chai ya saa nne. Hazikuchelewa kumfikia Bwana Tairi, mwenye ofisi ya pili ya kupandisha watalii, aliyekuwa na magari meupe yanayometameta na kila moja lina jina lake ubavuni, kwenye boneti na nyuma. Alikuja mwenyewe ofisini, akaketi bila kukaribishwa.

"Pole, Mwalimu. Mimi na marehemu tulikuwa ndugu."

"Alinieleza mlivyokuwa," Mwalimu alijibu.

"Nitakuazima gari. Utalipa ukipata. Ila tu lina jina langu, na jina halifutiki."

"Nimelisoma."

"Wageni hawajali jina."

"Mimi najali. Ahsante kwa kuja, bwana. Angalia ngazi ukitoka, zina utelezi."

Kiberiti alingoja mgeni afike mbali, ndipo akashika kichwa. Jambo alilokuwa ameliweka moyoni kwa muda akalitoa. Bwana Tairi alikuwa amemwita akafanye kazi kwake, kwa sare mpya na mshahara wa kila mwezi. "Sitakuficha, shemeji. Nina watoto. Nitangoja kundi moja. Likipanda na kushuka vizuri, nitabaki hapa mpaka meno yang'oke. Likiharibika, nitakwenda. Na nikienda mimi, bango la nje utalishusha, maana huwezi kuwa na waongozaji mlimani bila mwongozaji."

Mwalimu hakumlaumu. Aliona ni maneno ya kiume yaliyosemwa usoni. Lakini aliposimama mlangoni jioni ile na kulitazama bango la baba mkwe wake, alijua kwamba kuna kundi moja tu kati ya jina hilo na rafu ya vitu vilivyokwisha.

Kundi hilo lilikuja kwa simu. Alipiga Matroni, mkuu wa wauguzi katika hospitali kubwa ya mji wa mbali, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaamuru madaktari bila wao kujua. Wauguzi wake walikuwa wamejifunza kutembea milima midogo kila mapumziko, sasa walitaka kilele kirefu. Hakuna aliyekuwa na gari. Wangekuja kwa basi na kurudi kwa basi. Ofisi nyingine ilikuwa imewaambia kwamba bila gari mlima huo haupandiki, labda wakodi la kwao.

"Na nyinyi mnasemaje?"

Mwalimu alinyoosha mgongo, ingawa aliyeongea naye hakuweza kumwona. "Nyumba yetu huwapandisha wageni kwa miguu kuanzia barabara ya lami," alisema. "Gari halihitajiki. Ndiyo njia yetu."

Wifi, aliyekuwa akikunja hema kando, aliliachia hema likaanguka. Kiberiti alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Tangu lini?" Kiberiti aliuliza simu ilipokatwa.

"Tangu leo."

"Shemeji, kutoka hapa hadi langoni ni mchana kutwa wa kutembea, na wa pili juu yake. Watu wanakuja kupanda mlima, hawakuja kuchunga mbuzi."

"Mlipokuwa mkiwafikisha langoni kwa gari asubuhi moja, usiku wao wa kwanza ulikuwaje?"

Kiberiti alijua sana ulivyokuwa. Mtu aliyeamka bondeni, akapandishwa ghafla kwenye hewa nyepesi, hulala na kichwa kinachogonga kama ngoma ya bati, chakula hakipiti, na asubuhi mmoja au wawili hurudishwa chini wanalia. Kila kundi lilikuwa na wa kurudishwa.

"Wakitembea taratibu kutoka chini, mwili utaizoea hewa njiani," Mwalimu alisema. "Hilo nililifundisha darasani kwa chaki. Kilichobaki ni mizigo."

"Kilichobaki ni mizigo," Wifi alirudia akiokota hema. "Kama bibi harusi aliyesema kilichobaki ni bwana harusi."

Kuhusu mizigo Mwalimu tayari alikuwa na wazo. Kila alfajiri lori la kiwanda cha maziwa lilipita mbele ya ofisi likipanda barabara ya vumbi kwenda kijiji cha juu cha wafugaji, na madumu ya chuma yaliyomo yaligongana na kupiga kelele za utupu. Miaka yote hiyo alikuwa akiamshwa na kelele hizo bila kuzifikiria. Lori tupu linalopanda mlima kila siku, na yeye analala. Alikwenda kiwandani akazungumza na dereva, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alimsikiliza huku akijaza matairi upepo.

"Mabegi nitabeba," dereva alisema. "Watu sibebi, kazi yangu ni maziwa. Na simngoji mtu. Maziwa hayajui udhuru."

"Hutatungoja. Tutakungoja sisi."

"Hapo tumeelewana, mwalimu wangu."

Sasa mtu mwingine angeketi akasubiri wageni. Mwalimu hakuwa mtu huyo. Alisema hawezi kumpitisha mgeni mahali ambapo mguu wake haujakanyaga, hasa baada ya kulitaja jina la nyumba kwenye simu. Yeye ambaye maisha yake yote aliujua mlima ule ukutani, kwa mistari ya kahawia iliyosongamana, alitangaza kwamba atakwenda kuipima njia mwenyewe, na Kiberiti afuatane naye.

"Mwalimu wa ramani anakwenda kuhakikisha kama mlima upo," Wifi alisema. Lakini usiku kucha alimfumia soksi za sufu, na asubuhi akazitupa mapajani pake.

Walitoka mjini kwa miguu, mabegi yao yakiwa yametangulia na madumu. Barabara ilipita mashambani, ikazunguka kilima baada ya kilima, na Mwalimu alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda ibadani: wima, bila kukimbia, bila kusimama. Alipima kwa macho pa kupumzika, penye kivuli, penye bomba la maji, pa mtu kujisitiri. Pale mkondo wa zamani wa lava ulipoikata barabara, mweusi tii, bila tone la maji, alisimama akasema kwamba wageni watajaza chupa zao kisimani kabla ya hapo, na mtu asiyejaza asivuke. Kiberiti, aliyekuwa akipita hapo kwa gari akiwa amelala, alikubali kwamba hajawahi kujua kama pana kisima.

Kijijini mabegi yalikuwa yamewasili, yananuka maziwa kidogo, yako salama. Walilala katika ghala la chama cha wafugaji, wakaomba liwe wazi kwa ajili ya wageni, wakaahidiwa. Kesho yake walipita msituni hadi langoni na kuendelea mpaka kibanda cha kwanza cha kulala wapandaji, na usiku ule Mwalimu alikula sahani nzima, akalala, akaamka bila hata kuumwa kichwa. Alijipapasa paji la uso kama anayetafuta kitu alichopoteza.

"Shemeji," Kiberiti alisema akikoroga chai, "umenishinda. Njia ni nzuri. Ningekwambia mapema lakini ungevimba kichwa, na kofia hazitoshi."

Walishuka mpaka kijijini wakiwa wepesi wa moyo. Asubuhi, Mwalimu alilibeba begi lake hadi kwenye lori, akalinyanyua aliweke. Dereva wa maziwa alimwangalia juu ya miwani.

"Unaliweka wapi?"

Mwalimu alichungulia. Madumu yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, yamepangwa yakakabana, hata kidole hakipiti. Lori hupanda tupu. Hushuka limejaa. Alikuwa amepanga kila kitu cha kupanda, mstari kwa mstari, na hakuna mahali alipojiuliza lori linaporudi linarudi na nini. Mizigo ya wauguzi wote, mahema, majiko na mitungi ya gesi, ingebaki kijijini ikiwatazama wenyewe.

"Sikosei mara nyingi," alimwambia dereva.

"Hapo umekosea vizuri," dereva alijibu, akawasha lori.

Walirudi mjini wamebeba mabegi yao. La Mwalimu lilikuwa kichwani, maana mikanda yake ilimchubua mabega. Kwa mtu mwenye kujiheshimu hakukuwa na raha kupita hivyo mbele ya watu aliowafundishia watoto wao. Aliwasalimu wote kwa majina, polepole, kana kwamba kubeba begi kichwani ni sehemu ya ratiba. Kiberiti hakumdhihaki. Hilo lilimuuma Mwalimu kuliko dhihaka, kwa sababu alijua shemeji yake anafikiria nini: sare, mshahara, gari jeupe.

Walipoketi kando ya barabara kupumua, gari la Bwana Tairi likapita likipanda, limejaa wageni, likawafunika vumbi. Dereva akapiga honi ya salamu. Mwalimu alijipangusa, akalifuatilia kwa macho mpaka likapotea kwenye kona.

"Litakaa wapi lile?" aliuliza.

"Langoni. Dereva atalala humo mpaka watu washuke. Siku zote nne, tano, anahesabu nzi."

"Na wageni lazima warudi pale pale."

"Ee, gari si liko pale? Hata na sisi tulikuwa hivyo hivyo."

Mwalimu aliacha kujipangusa. "Na sasa sisi, shemeji, tumeacha nini langoni?"

"Hatukuacha kitu."

"Tumeacha nini kijijini?"

"Hakuna."

"Basi tunarudi huku kufuata nini?"

Kiberiti akaugeukia mlima uliokuwa nyuma yao, akautazama kwa muda kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Kisha akacheka, peke yake, mpaka Mwalimu akadhani jua limemzidi.

Upande wa pili wa mlima, alieleza, kuna mteremko wa majivu. Unaanza chini ya bega la mlima na kushuka moja kwa moja mpaka machimbo ya kokoto, na mbele ya machimbo ndipo inapopita barabara kuu ya lami, na basi la kwenda mji wa mbali husimama pale kuchukua wafanyakazi. Yeye na kaka yake, marehemu, walikuwa wakiuteleza ujanani, kutoka juu hadi chini, mchana mmoja, mama yao akiwachapa kwa kuharibu suruali. Tangu gari linunuliwe hakuna mtu aliyeukumbuka. Ungewezaje kuukumbuka, na gari liko upande huu?

"Na mizigo?"

"Wapagazi watakaotubebea kutoka kijijini watapita na mizigo kwenye bega la mlima wakati sisi tuko kileleni. Tunakutana juu ya majivu, tunashuka wote." Alisimama, akalitwaa begi la Mwalimu kichwani pake, akalitia juu ya lake. "Kaka angecheka, shemeji. Angecheka mpaka akohoe."

Wiki iliyofuata Mwalimu alipanda tena na Kiberiti. Safari hii hawakurudi nyuma. Walizunguka bega la mlima, upepo ukiwachapa, na mbele yao ukafunguka mteremko mweusi, laini, usio na jiwe, unaoshuka mpaka macho yakachoka. Kiberiti alimwonyesha: kisigino kwanza, mwili nyuma kidogo, usiogope kuteleza, maana majivu hushuka nawe na kukupokea. Kisha akaondoka kwa hatua ndefu, vumbi jeusi likipanda nyuma yake.

Mwalimu alikaza kilemba. Alifanya kama alivyoambiwa, kisigino kwanza, na hatua ya pili ikawa ya makalio. Aliinuka, akaangalia kama kuna aliyemwona. Mlima mzima ulikuwa mtupu. Akashuka tena, na tena akaketi, na mahali fulani katikati ya mteremko, akiwa na majivu masikioni na ndani ya zile soksi za sufu, alijisikia akicheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya msiba. Huko machimboni msimamizi alimpokea mama mweusi kama chungu cha jikoni, aliyemsalimia kwa Kiswahili sanifu na kumuuliza basi linapita saa ngapi.

Nyumbani, Wifi alimzunguka mara mbili. "Nyumba yetu ina heshima," alisema. "Inaonekana mpaka kwenye nyusi."

"Pasha maji, wifi yangu."

"Ninapasha. Na hizo soksi usinirudishie."

Siku wauguzi walipowasili, kituo cha mabasi kilikuwa na watu kama kawaida, na Mwalimu aliwapokea akiwa amevaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kupandia vilivyong'arishwa. Matroni alishuka wa kwanza. Alikuwa mrefu, na aliwahesabu wenzake kwa macho kama anayehesabu vitanda. Kabla hajamaliza, gari jeupe likasimama kando yao, na Bwana Tairi akatoka ndani na tabasamu lililotangulia.

"Karibuni, karibuni," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maduka. "Nimesikia ndugu zangu mnatembezwa kwa miguu. Haiwezekani nione nikae kimya. Ingieni, nitawafikisha langoni bure. Bure kabisa. Mwalimu atanisamehe, yeye gari lake limekufa, anaona aibu kusema."

Wauguzi wawili walikuwa tayari wameinua mabegi yao. Barabara ya vumbi ilionekana pale walipo, ikipanda bila huruma. Kiberiti alisimama karibu na ukuta wa ofisi, mikono nyuma, hamtazami yeyote. Mwalimu alielewa kwamba hapa ndipo kundi moja linapoanza au kuharibika, na kwamba shemeji yake hatamsaidia, wala hapaswi.

Matroni aligeuka. "Mama, kwenye simu uliniambia ndiyo njia yenu. Hamtaki gari, au hamna gari?"

"Hatuna," Mwalimu alisema. Aliinua sauti kidogo, maana waliosikia la kwanza walistahili kusikia na la pili. "Lilikuwepo, limefanya kazi, limepumzishwa. Liko nyuma ya nyumba, limesimama wima, karibuni mlione. Nilipokujibu njia nilikuwa sijaijua. Sasa naijua, maana nimeipita yote kwa miguu hii, kupanda na kushuka, isipokuwa kilele, ambacho nimewaachieni nyinyi." Akamgeukia Bwana Tairi. "Bwana, wakipanda kwako, kesho usiku watalala wapi?"

"Kibanda cha kwanza. Leo usiku huu huu, si kesho."

"Leo usiku. Kutoka bondeni mpaka hewa ile kwa asubuhi moja." Hakumalizia. Alimwangalia Matroni tu.

Matroni alikuwa muuguzi kwa miaka mingi; hakuhitaji kumaliziwa. "Ni wangapi hurudishwa?" alimuuliza Bwana Tairi.

"Mmoja mmoja. Ni kawaida."

"Kwetu wodini neno hilo tumelipiga marufuku." Akarudi kwa Mwalimu. "Na kushuka?"

"Hamtarudi huku. Mwenye gari lazima alifuate gari lake pale alipoliacha. Nyinyi hamtaacha kitu, kwa hiyo mtashukia upande wa pili, kwenye majivu, na basi lenu la kurudi litawachukueni chini yake. Mtachafuka."

"Sana?"

"Mpaka kwenye nyusi," Wifi alisema kutoka mlangoni. "Tuna ushahidi."

Mmoja wa wale waliokuwa wameinua mabegi alianza kucheka, akaliweka la kwake chini. Matroni alimshukuru Bwana Tairi kwa adabu kamili, kwa namna ile ambayo mtu akishukuriwa hujikuta ameondoka. Mabegi yakapelekwa kiwandani yalale karibu na madumu. Kiberiti alibandua mgongo ukutani, akapiga makofi mawili.

"Haya, dada zangu. Mimi ndiye kiongozi wenu. Sheria yangu ni moja: anayenipita, atabeba jiko la Wifi. Na hamjaliona jiko la Wifi."

Waliondoka kesho yake alfajiri nyuma ya lori, Wifi akiwa pamoja nao. Mwalimu aliwasindikiza hadi penye kisima, akahakikisha kila chupa imejaa, akarudi. Siku zilizofuata alifanya kazi zake kama kawaida: alipaka viatu mafuta, aliwapokea watu waliokuja kuulizia bei na waliokuja kuulizia umbea, na kuwapa kila mmoja anachostahili. Mara moja tu alitoka nje kuutazama mlima, wingu lilipouvaa kilele. Alisimama mpaka likaondoka.

Siku ya kushuka alipanda basi mpaka machimboni, mapema mno. Msimamizi alimpa kiti, akakiweka kwenye uvuli wa rundo la kokoto. Alikaa hapo wima, mkoba magotini, akiutazama ule mteremko mweusi. Saa sita hapakuwa na kitu. Basi la kwanza likapita, likasimama, likaondoka bila mtu. Msimamizi alimuuliza kama ana hakika ni leo. Alimjibu kwamba ana hakika.

Kisha juu kabisa, chini ya bega, pakaonekana kidoti. Kidoti kikawa na vumbi nyuma yake. Kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka mteremko mzima ukawa na vijimkia vya moshi mweusi, na kabla hajawaona nyuso alianza kusikia kelele zao: wanawake wazima, walioshika maisha ya watu mikononi mwao, wanapiga mayowe kama watoto wa shule kengele inapolia. Mwalimu aliwahesabu. Akawahesabu tena. Walikuwa wote.

Wa mbele alikuwa Matroni. Alifika akiwa mweusi toka utosini, meno tu ndiyo meupe, akasimama mbele ya kiti kile akihema.

"Wawili hawakufika kileleni," alisema, kama anayekabidhi zamu. "Waliishia ukingoni mwa kasoko, lile shimo la volkano, upepo uliwazidi. Lakini wamefika pale kwa miguu yao na wameshuka kwa miguu yao. Kichwa hakijamuuma mtu. Nilipima mapigo kila jioni, sikuamini nilichokuwa nakiona." Alijifuta uso, akauchafua zaidi. "Mwakani nitaleta wodi ya watoto. Wauguzi, si watoto."

"Karibuni," Mwalimu alisema. "Njia ni ile ile."

Nyuma walifika wapagazi na mizigo, na Wifi ameketi juu ya kifurushi cha mahema, ameteremka nacho kama malkia, na mwisho Kiberiti, aliyeshuka polepole ili asimwache mtu. Alingoja mpaka wauguzi walipopanda basi lao na mikono kuacha kupunga madirishani. Ndipo akachuchumaa kando ya kiti cha shemeji yake, akakung'uta kiatu, majivu yakamwagika rundo.

"Bwana Tairi alinitumia ujumbe nikiwa juu," alisema. "Ananiuliza saizi ya sare."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia sare abaki nayo, yeye afunge safari ya mlimani. Mimi na yeye. Tuone kama anaweza kutembea." Akavaa kiatu. "Shemeji, lile bango letu limepauka. Aibu, mbele ya watu kama hawa."

Kesho yake fundi aliitwa nyuma ya nyumba. Alidhani ameitwa kulibomoa gari, akaja na vyuma vyake. Mwalimu alimwambia afungue mlango tu, ule wenye jina, na autoe taratibu asiukwaruze. Ulifutwa vumbi, ukapakwa nta, ukatundikwa juu ya mlango wa ofisi kwa bolti nne, ukitazama kituo cha mabasi. Bango la baba mkwe likahamishiwa ndani, juu ya ramani.

Fundi alirudi hatua chache kuutazama. "Lakini Mwalimu, hapa watu si watadhani mna gari?"

"Wacha waulize," Mwalimu alisema. "Tutawaeleza."

Wifi alitoka na beseni la maji, akasimama chini ya ule mlango, akainua mkono akautikisa. Dirisha lake likashuka sentimita chache, likakwama pale pale lilipokuwa likikwama siku zote.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani mmelitengeneza."